Kipimo Kilichobadilika: Namna ya Kuyasoma Matokeo ya Mtihani ya Shule

Tarehe 31 Januari 2017 Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani la Tanzania, Dk. Charles Msonde, alitangaza matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne uliofanyika mwaka 2016. Kama ilivyokuwa desturi wakati ule, pamoja na matokeo hayo ilitolewa orodha ya shule kumi bora na orodha ya shule kumi za mwisho nchini. Shule iliyoshika nafasi ya kwanza ilikuwa Feza Boys ya Dar es Salaam. Miongoni mwa zile kumi za mwisho, sita zilikuwa za mkoa huohuo wa Dar es Salaam: Kitonga, Nyeburu na Mbondole za Ilala, Mbopo ya Kinondoni, pamoja na Somangila Day na Kidete za Kigamboni, eneo lililokuwa limemegwa kutoka Temeke muda mfupi kabla ya hapo.

Habari hiyo iliwashangaza wengi. Watu walizoea kudhani kwamba shule za mkiani ni zile za vijiji vya mbali, ambako gari hupita mara moja kwa juma. Kumbe kilele na mkia wa orodha moja vilikuwa katika mkoa mmoja, na ile iliyoko mkiani ilikuwa pembezoni mwa jiji, mahali ambapo mwanafunzi huamka kabla ya alfajiri kutafuta daladala au kwenda kwa miguu. Katika hali ya namna hiyo mkuu wa shule huitwa kujieleza, mzazi mwenye uwezo humhamisha mtoto wake, na mwanafunzi anayebaki huanza kuamini kwamba yeye ni wa shule ya wasioweza.

Makala haya hayakusudii kuitetea shule yoyote wala kuishutumu. Shabaha yake ni kueleza jambo ambalo mwalimu na mwanafunzi hawana budi kulifahamu kabla ya kutoa hukumu: matokeo ya mtihani ni vipimo, na kipimo hakisomeki bila kukijua chombo kilichotumika kupimia. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa matokeo ya mwaka 2016, kwa sababu yalitolewa baada ya nchi kurudi kwenye utaratibu wake wa kawaida wa madaraja, kufuatia miaka michache ya mabadiliko mfululizo.

Mtihani ni chombo cha kupimia

Kupima ni kulinganisha. Tunapopima urefu wa meza, tunaulinganisha na rula. Tunapopima joto la mgonjwa, tunalilinganisha na mistari iliyochorwa juu ya kipimajoto. Rula na kipimajoto vina sifa moja kubwa: mistari yake haisogei. Sentimita ya jana ndiyo sentimita ya leo, na ile ya Temeke ndiyo ya Kigoma.

Mtihani ni chombo cha namna nyingine. Kila mwaka maswali mapya hutungwa, hivyo kila mwaka chombo kipya hutengenezwa. Watungaji hujitahidi ugumu wa maswali ulingane na ule wa mwaka uliotangulia, lakini hawawezi kuulinganisha kikamilifu. Mwanafunzi aliyepata alama 40 katika mtihani mgumu huenda anajua zaidi kuliko yule aliyepata 48 katika mtihani mwepesi.

Baada ya alama kupatikana kuna hatua ya pili, nayo ni kuzigeuza kuwa gredi. Hapa ndipo mistari ya kipimajoto huchorwa: kuanzia alama kadha ni A, kuanzia kadha ni B, na kuendelea. Mistari hiyo haitokani na maumbile. Huwekwa na binadamu kwa uamuzi, na kwa uamuzi huweza kusogezwa.

Ziko njia kuu mbili za kuichora. Ya kwanza ni kuweka mipaka isiyobadilika, ambayo hutangazwa mapema na kutumika kwa masomo yote na miaka yote. Ubora wake ni kwamba kila mtu anaijua. Udhaifu wake ni kwamba, mtihani ukiwa mgumu kupita kiasi, watahiniwa wote huporomoka pamoja. Njia ya pili ni usanifishaji, yaani kuzitazama alama za watahiniwa wote, wastani wake na mtawanyiko wake, kisha kurekebisha ili ugumu wa mwaka au wa somo usimwonee wala kumpendelea mtahiniwa. Ubora wake ni uadilifu kati ya mwaka na mwaka. Udhaifu wake ni kwamba mtu wa kawaida haoni jinsi kazi hiyo inavyofanyika, na huweza kushuku kwamba alama zimepikwa.

Vipimo vitano katika miaka michache

Tanzania Bara ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa Sheria Na. 21 ya mwaka 1973. Azimio la Musoma la 1974 likaongeza fikra muhimu, kwamba mtihani mmoja wa mwisho usiwe kipimo pekee cha kijana, bali maendeleo yake ya kila siku shuleni nayo yahesabiwe. Kwa muda mrefu Watanzania wakazoea utaratibu mmoja wa kutaja ufaulu: daraja la kwanza, la pili, la tatu, la nne na sifuri.

Mwezi Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya mtihani wa 2012. Zaidi ya watahiniwa 240,000 walipata sifuri, na theluthi moja hivi tu ya waliofanya mtihani ndiyo waliofaulu. Nchi ilitikisika. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume iliyoongozwa na Profesa Sifuni Mchome. Mwezi Mei 2013 Serikali ililiarifu Bunge kwamba matokeo yale yamefutwa, na kwamba yatapangwa upya kwa kuzingatia utaratibu uliotumika mwaka 2011. Sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa kwamba katika matokeo ya 2012 kilitumika kiwango kipya cha mipaka isiyobadilika, kinyume cha utaratibu wa usanifishaji uliokuwepo. Yalipopangwa upya, ufaulu ulipanda kutoka theluthi ile hadi asilimia 43 hivi.

Yafaa msomaji atue hapa na kutafakari. Karatasi za majibu zilikuwa zilezile. Hakuna mtahiniwa aliyeongeza hata neno moja katika jibu lake. Hata hivyo, maelfu ya vijana waliolala wakiwa wameshindwa waliamka wakiwa wamefaulu.

Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 2013 ilitangazwa mipaka mingine, yenye gredi saba: A kuanzia alama 75, B+ kuanzia 60, B kuanzia 50, C kuanzia 40, D kuanzia 30, E kuanzia 20, na F chini ya hapo. Matokeo ya mtihani wa 2014 yakatolewa kwa mfumo mwingine tena, ule wa wastani wa pointi, ambao watu wengi waliujua kwa jina la GPA. Kisha, Januari 2016, Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, aliagiza mfumo huo uachwe na nchi irudi kwenye madaraja. Gredi zikawa tano: A kuanzia alama 75 hadi 100, B 65 hadi 74, C 45 hadi 64, D 30 hadi 44, na F 0 hadi 29.

Tukihesabu, tunapata vipimo vitano: cha kwanza cha 2012, cha pili cha 2012 baada ya kupangwa upya, cha 2013, cha 2014, na kile cha kurudi kwenye madaraja. Mwalimu aliyechora mstari mmoja wa kupanda na kushuka kwa ufaulu wa shule yake kutoka 2012 hadi 2016 alikuwa kama mkulima anayelinganisha mavuno ya miaka mitano huku kila mwaka akitumia debe la ukubwa tofauti.

Mwanafunzi mmoja, vipimo viwili

Hebu tuchukue mfano wa kubuni wa mtahiniwa mmoja mwenye masomo saba. Amepata alama 62 katika Kiswahili, 55 katika Uraia, 47 katika Historia, 43 katika Jiografia, 42 katika Kiingereza, 33 katika Biolojia na 25 katika Hisabati.

Kwanza tumpime kwa kipimo cha 2014. Gredi zake ni B+, B, C, C, C, D na E. Katika mfumo ule A ilikuwa na pointi 5, B+ pointi 4, B pointi 3, C pointi 2, D pointi 1, E nusu pointi, na F sifuri. Jumla yake ni 4 + 3 + 2 + 2 + 2 + 1 + 0.5, yaani 14.5. Tukigawanya kwa saba tunapata wastani wa 2.1. Kuanzia 1.6 hadi 2.5 mtahiniwa aliwekwa katika ngazi ya tatu kati ya ngazi nne za ufaulu.

Sasa tumpime kwa kipimo cha 2016. Gredi zake zinakuwa C, C, C, D, D, D na F. Katika mfumo wa madaraja pointi huhesabiwa kwa mwelekeo ulio kinyume: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5, na mwenye pointi chache ndiye aliye bora. Masomo saba yaliyofanywa vizuri zaidi hujumlishwa. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33, na sifuri ni 34 na 35. Mtahiniwa wetu anapata 3 + 3 + 3 + 4 + 4 + 4 + 5, yaani 26. Hilo ni daraja la nne.

Alama ni zilezile na kichwa ni kilekile, lakini mtahiniwa ameshuka ngazi moja. Alama 62 za Kiswahili, ambazo kwa kipimo cha kwanza zilikuwa gredi ya pili kutoka juu, kwa kipimo cha pili zimekuwa C. Alama 42 za Kiingereza zilizokuwa C zimekuwa D.

Mfano huu unafundisha jambo jingine pia. Lau angepata 45 badala ya 43 katika Jiografia, gredi ingekuwa C, jumla ingekuwa 25, naye angekuwa daraja la tatu. Alama mbili katika somo moja, pengine swali moja dogo la ramani, ndizo zinazotenganisha madaraja mawili. Kwa hiyo shule yenye vijana wengi karibu na mpaka huonekana imepanda au imeporomoka sana, hali ya kuwa elimu iliyomo vichwani mwao imebadilika kidogo tu.

Si kwetu pekee

Jambo hili limeonekana pia kwa majirani na mbali zaidi. Nchini Kenya, waliopata A ya jumla katika mtihani wa kumaliza sekondari walikuwa 2,685 mwaka 2015, lakini 141 tu mwaka 2016, baada ya Waziri Fred Matiang'i kusimamia ulinzi mkali dhidi ya udanganyifu. Nchini Uingereza, mitihani ya kumaliza sekondari ya juu ilifutwa mwaka 2020 na 2021 kwa sababu ya UVIKO-19, na gredi zikatokana na tathmini za walimu. Gredi za A na zaidi ya A, zilizokuwa asilimia 25.4 mwaka 2019, zilifika asilimia 44.8 mwaka 2021. Mitihani ilipokwisha kurejeshwa na viwango vya zamani kufuatwa, zilishuka hadi asilimia 27.2 mwaka 2023.

Vijana wa Kenya hawakupoteza akili katika mwaka mmoja, wala wale wa Uingereza hawakuzipata na kuzipoteza katika miaka minne. Masharti ya kupimia ndiyo yaliyobadilika. Hata hivyo tusivuke mpaka tukasema kwamba matokeo hayana maana. Kipimajoto kilichosogezwa mistari bado humtofautisha mwenye homa na asiye nayo, alimradi wote wamepimwa kwa chombo hichohicho. Shule zilizofanya mtihani mmoja mwaka mmoja zinaweza kulinganishwa. Linalobaki ni kujua tunalinganisha nini.

Asilimia ya ufaulu inaficha nini

Watu wengi wakiulizwa kuhusu shule hutaja namba moja tu, asilimia ya waliofaulu. Mwaka 2016 ufaulu wa nchi ulikuwa asilimia 70 hivi, ukilinganisha na 68 hivi ya mwaka 2015. Lakini kufaulu maana yake nini? Kwa kipimo cha madaraja, mwenye D mbili na F tano ana pointi 4 + 4 + 25, yaani 33, naye yumo katika daraja la nne. Mwenye D moja na F sita ana 34, naye ni sifuri. Kwa hiyo lango la ufaulu ni D mbili, au C moja. Mwenye D mbili na mwenye A saba huhesabiwa sawa katika asilimia ya ufaulu.

Ndiyo maana yapasa kuitazama namba ya pili, ile ya madaraja ya kwanza hadi ya tatu. Katika mtihani wa mwaka 2024 waliofaulu walizidi asilimia 92, lakini waliofikia madaraja ya kwanza hadi ya tatu walikuwa asilimia 43 hivi. Namba ya kwanza inaeleza wangapi wamevuka lango. Namba ya pili inaeleza wangapi wamefika sebuleni.

Yapasa pia kuyatazama masomo moja moja. Mwaka 2016 Kiswahili kilikuwa na ufaulu wa zaidi ya robo tatu ya watahiniwa, na Hisabati chini ya mmoja kati ya watano. Shule inayosema imefaulisha asilimia 70 huenda haikufaulisha mtu hata mmoja katika Hisabati. Asilimia hiyo haitamsaidia kijana anayetamani kuwa fundi mchundo au mhandisi.

Idadi ndogo na bahati

Tuchukue sasa shule mbili zilizo sawa kabisa kwa ubora, ambamo kila mwanafunzi ana uwezekano wa asilimia 70 wa kufaulu. Moja ina watahiniwa 25, nyingine 225. Je, zitapata matokeo sawa? Hapana.

Katika shule ndogo tunatazamia wafaulu 17 au 18. Lakini kwa bahati tu, mmoja akiugua malaria siku ya mtihani na mwingine akibahatika kulisoma jana yake swali lililotoka, idadi hiyo husogea. Hesabu za uwezekano zinaonyesha kwamba msogeo wa kawaida ni watahiniwa wawili na kitu, yaani asilimia 9 juu au chini. Katika shule kubwa tunatazamia wafaulu 157 au 158, na msogeo wa kawaida ni watahiniwa 7 hivi, yaani asilimia 3 tu. Idadi ya watahiniwa ikizidishwa mara tisa, msogeo wa asilimia hupungua kuwa theluthi.

Matokeo yake ni kwamba shule ndogo hutupwa na bahati kuelekea kileleni au mkiani kwa urahisi zaidi kuliko shule kubwa. Baraza la Mitihani lililitambua jambo hili, na kwa miaka kadhaa lilizitenga katika orodha ya peke yake shule zenye watahiniwa pungufu ya 40.

Liko na jambo la pili linalotokana na hilo. Shule iliyokuwa ya mwisho mwaka huu, huenda sehemu ya sababu ni upungufu wake wa kweli na sehemu ni bahati mbaya. Upungufu hubaki, lakini bahati mbaya haina desturi ya kurudi kila mwaka. Kwa hiyo mwaka unaofuata shule hiyo huelekea kupanda kidogo hata kama hakuna lililofanyika, kama vile shule ya kwanza inavyoelekea kushuka kidogo. Kiongozi aliyemwondoa mkuu wa shule ataona matokeo yamepanda, naye ataamini kwamba kumwondoa ndiko kulikoleta nafuu. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Mwaka mmoja hautoshi kuamua.

Hata hivyo lazima tutoe tahadhari. Wanafunzi wa darasa moja si sarafu zinazorushwa kila moja peke yake. Wakikosa wote mwalimu wa Fizikia kwa miaka miwili, wote huathirika kwa pamoja. Bahati haiwezi kuwa kisingizio cha shule inayokaa mkiani mwaka baada ya mwaka.

Mahali pa kuanzia

Swali kubwa kuliko yote ni hili: wanafunzi hao walianzia wapi? Wenye alama za juu kabisa katika mtihani wa darasa la saba huchaguliwa kwenda shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Kilakala. Wengine ambao wazazi wao wana uwezo huenda shule za binafsi, ambazo nyingi huwachuja kwanza kwa usaili. Wanaobaki hupangiwa shule za kata, ambazo nyingi zilijengwa kwa kasi katika miaka ya 2000 chini ya mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari. Kutoka Januari 2016 ada iliondolewa katika shule za sekondari za serikali kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, na milango ikafunguka zaidi kwa watoto wa wasio na uwezo. Hilo ni jambo jema, lakini pia ni jambo la kukumbukwa tunaposoma namba.

Kuilinganisha shule ya bweni iliyochuja wanafunzi na shule ya kutwa ya pembezoni mwa jiji kwa matokeo ya mwisho tu ni sawa na kuwalinganisha wakimbiaji wawili bila kuuliza kila mmoja alianzia wapi. Njia ya haki zaidi ni kupima umbali uliokimbiwa. Chombo cha kupimia umbali huo tunacho: ni upimaji wa kitaifa wa Kidato cha Pili. Tuseme Shule ya Kwanza ilikuwa na wanafunzi 95 katika kila 100 waliofikia wastani wa C katika Kidato cha Pili, na katika Kidato cha Nne wakawa 90. Tuseme Shule ya Pili ilikuwa na 20 katika kila 100, na wakawa 35. Orodha ya kawaida itaisifu ya kwanza na kuiaibisha ya pili. Lakini ni ipi iliyowainua wanafunzi wake?

Hapa napo pana mtego. Shule huweza kupandisha asilimia yake kwa kupunguza wanafunzi. Kama 100 walikuwa Kidato cha Pili, na 60 tu ndio waliofika kwenye chumba cha mtihani, na 30 wakafaulu, ufaulu wa mtihani ni asilimia 50. Lakini kati ya wale 100 wa mwanzo, waliofaulu ni asilimia 30. Wale 40 waliopotea njiani hawaonekani katika orodha yoyote. Baadhi yao waliacha kwa sababu ya umbali, wengine kwa ujauzito au kazi za kibarua, na huenda wengine waliambiwa wasirudi ili wasiiharibie shule jina. Mwalimu mwadilifu huwahesabu hao kwanza.

Jaribio la kufanya darasani

Wanafunzi wanaweza kuyathibitisha maelezo juu ya bahati kwa jaribio lisilogharimu kitu. Kata vipande kumi vya karatasi vya ukubwa mmoja. Chora nyota juu ya saba, na vitatu viache vitupu. Vitie vyote katika kofia. Bila kutazama toa kimoja, andika kama kina nyota, kirudishe, tikisa kofia, kisha toa tena. Fanya hivyo mara 25. Idadi ya nyota ndiyo "ufaulu" wa shule yako ndogo.

Kila kikundi kifanye hivyo, kisha andikeni matokeo yote ubaoni na kupanga vikundi kutoka cha kwanza hadi cha mwisho. Kofia zote zilikuwa sawa, lakini mtapata "shule bora" na "shule ya mwisho". Rudieni zoezi lote, mwone kama kikundi kilichokuwa cha mwisho kimebaki mwisho. Hatimaye jumlisheni matokeo ya vikundi vyote, mwone jinsi asilimia inavyoikaribia 70.

Hitimisho

Januari 2023 Baraza la Mitihani, kwa kauli ya Katibu Mtendaji wake Athumani Amasi, lilieleza kwamba halitatangaza tena orodha za shule bora na wanafunzi bora. Matokeo ya kila shule yaliendelea kutolewa, na kila mtu akawa na uhuru wa kuyasoma. Kwa hiyo wajibu wa kuyasoma vema umehama kutoka kwa watangazaji hadi kwetu sisi walimu, wanafunzi na wazazi.

Kwa ufupi, kila tunapokutana na namba ya ufaulu ya shule tujiulize maswali matano. Mipaka ya gredi ilikuwa ipi mwaka huo? Wangapi wamefika madaraja ya kwanza hadi ya tatu, na katika masomo gani? Watahiniwa walikuwa wangapi, na hali hiyo imeendelea kwa miaka mingapi? Walianzia wapi? Na wangapi walioanza nao hawakufika?

Mwalimu wa shule ya pembezoni atakayeyajibu maswali haya kwa takwimu za shule yake, na kuzibandika katika chumba cha walimu, atakuwa na hoja ya kumwambia afisa elimu ni mwalimu gani anahitajika na ni somo gani limekwama. Naye mwanafunzi aliyepata pointi 26 atafahamu kwamba kati yake na daraja la tatu hapana ukuta. Pana alama chache zinazopatikana kwa kazi, na zinahesabika.